Filamu zinapotufundisha nani mchawi: Tahadhari kwa familia za Mbeya na Iringa



Wazee wetu walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Zamani walezi wa mtoto walijulikana kwa majina yao: baba na mama, babu na bibi, mwalimu wa madrasa, mwalimu wa shule, na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kukanya. Leo yupo mlezi mwingine ambaye hakuitwa kikao kumkaribisha wala kuulizwa ametoka wapi. Huyo ni filamu. Amekaa sebuleni Mwanjelwa na Uyole, amekaa Kihesa na Mlandege, amekwenda hadi vijijini Rungwe, Mbarali na Mufindi kwa njia ya kibanda cha video, kisha kwa king'amuzi, na sasa kwa simu iliyomo mfukoni mwa kijana.

Mazungumzo mengi kuhusu filamu misikitini na majumbani huishia kwenye mavazi na mapenzi. Hayo yana nafasi yake. Lakini lipo somo jingine ambalo filamu hulifundisha kimya kimya, nalo halimshtui mzazi kwa kuwa hakuna mtu aliyevua nguo. Ni somo la namna ya kumhukumu jirani. Katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, somo hilo linagusa maisha ya watu, hasa wajane, wazee na watoto.

Kutoka lori la sinema hadi simu ya mkononi

Imani kwamba picha zinazotembea zinaweza kubadili mawazo ya watu si ngeni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, fupi na nyepesi, juu ya mambo kama ugonjwa wa safura, kuweka akiba posta na kuhifadhi udongo. Lori lenye mashine ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika na nchi jirani, na watu walikusanyika gizani kutazama kitambaa cheupe.

Baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuja filamu za Kiswahili zenye visa kamili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, juu ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na werevu wa watu wabaya. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Serikali ya kikoloni ilitaka kijana wa kijijini auogope mji. Miji ikaendelea kujaa.

Serikali huru nayo iliikumbatia sinema. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyosifu maisha ya vijiji vya ujamaa. Lakini tukumbuke yaliyotokea mkoani Iringa miaka michache kabla yake. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi katika mvutano juu ya mashamba na ujamaa. Mauaji yale yalikuwa msiba mkubwa, nasi hatuyatetei. Yanatuonyesha tu kwamba mkulima wa Isimani alikuwa na maoni yake kuhusu ardhi, aliyoyapata kwa jembe lake mwenyewe, na hakuna filamu ambayo ingeweza kuyafuta kwa jioni moja.

Hapo pana kanuni ya kushika. Filamu huwa dhaifu pale mtu alipokwisha kulipima jambo kwa mkono wake. Nguvu yake hukua pale ambapo jicho la mtu halifiki: nchi za mbali, vyumba vya matajiri, mioyo ya watu wengine, na mambo yasemwayo kutendeka usiku wa manane.

Televisheni ilichelewa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza. Katika pengo hilo na miaka iliyofuata, vilitawala vibanda vya video: benchi za mbao, deki, televisheni moja, na pazia zito mlangoni. Humo filamu za Hong Kong, India na Nigeria zilipata sauti ya Kiswahili kupitia watafsiri mahiri kama Lufufu, ambao hawakuishia kutafsiri maneno. Walieleza, walikejeli, waliongeza mawaidha, na mtazamaji alitoka na filamu mbili katika moja.

Jicho la kamera na ushahidi wa usiku

Filamu za Nigeria ndizo zilizoleta mageuzi makubwa. Mwaka 1992 ilitoka Living in Bondage, kisa cha mwanamume aitwaye Andy anayemtoa kafara mkewe katika kundi la siri ili apate utajiri, kisha mzimu wa mkewe ukamwandama. Kanda ile iliuzwa kwa wingi na ikafungua njia kwa maelfu ya nyingine za namna hiyo. Zilipofika kwetu, watengenezaji wa hapa nyumbani walijifunza kwazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya kutisha ambayo jina lake limetoka katika Kinyakyusa, lugha ya Rungwe na Kyela, neno linalohusiana na wafu na kufufuka. Mwaka 2006 marehemu Steven Kanumba alishiriki katika Dar 2 Lagos, filamu iliyowaunganisha waigizaji wa Tanzania na Nigeria, na mtindo ule ukazidi kuota mizizi katika kile kilichoitwa Bongo Movie.

Mtu atasema: filamu hazikuleta imani ya uchawi, zimeikuta. Ni kweli. Mtaalamu wa mila, Monica Wilson, aliyeishi Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa kirefu jinsi Wanyakyusa walivyowaogopa wachawi. Katika miaka hiyo hiyo, wasafisha uchawi walioitwa mchape walitoka upande wa Nyasaland wakaenea hadi Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika, na hadi karne hii watu wa Momba na Rukwa wamewajua waganga wa aina hiyo kwa jina la lambalamba. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba zaidi ya Watanzania 9 katika kila 10 waliohojiwa waliamini kuwa uchawi upo. Waislamu na Wakristo walikuwa pamoja katika hesabu hiyo.

Basi filamu imeongeza nini juu ya imani iliyokuwepo? Imeongeza ushahidi. Fikiria, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyokuwa kabla ya kamera. Jirani amefiwa na mtoto. Anamshuku bibi fulani. Lakini hajamwona akiruka na ungo, hajamwona makaburini, hajamsikia akinuia. Ana uchungu na dhana tu. Hata katika mila za kale, kabla mtu hajahukumiwa, palitafutwa njia ya kumthibitisha. Wengine walitumia kiapo cha mwavi, kinywaji cha sumu ambacho kiliua wasio na hatia na ambacho utawala wa kikoloni ulikipiga marufuku. Njia ile ilikuwa ya dhuluma, lakini kuwepo kwake kulikuwa ungamo kwamba dhana peke yake haitoshi.

Filamu huliondoa ungamo hilo. Kamera humfuata bibi chumbani. Inamwonyesha akifungua kibuyu, macho yakiwaka, sauti ikibadilika. Inamwonyesha akiwa na wenzake usiku, akicheka, na mtoto wa jirani akianza kutapika damu dakika ile ile. Mtazamaji ameona kwa macho yake. Hana tena shaka, na watu wa ndani ya filamu wanaosema tusubiri, tumpeleke mtoto hospitali kwanza, wanaonekana wajinga. Daktari hushindwa, vipimo havionyeshi kitu, na anayekimbilia hukumu ndiye anayethibitishwa mwishoni kuwa alikuwa na haki.

Mtu anayetazama visa ishirini vya namna hiyo kwa mwaka haamki siku moja akasema, "Filamu imenifundisha kumshuku jirani." Anachobeba ni mazoea. Akili yake imezoea kwamba nyuma ya kila kifo yupo mtu, kwamba mtu huyo yu karibu, na kwamba ni mama mkwe, mke wa pili, au mzee aishiye peke yake. Jirani wa kweli anapougua, hadithi imekwisha kuandikwa. Kinachotafutwa ni jina la kuweka pale palipo wazi.

Maradhi, mirathi na jina la mchawi

Mbeya na Iringa zilikuwa na sababu ya pekee ya kuyapokea masomo hayo kwa uchungu. Miaka ile ile ambayo filamu hizi zilienea, mikoa hii ilikuwa ikizika vijana wake kwa UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004 uliikuta Mbeya ikiongoza nchini kwa maambukizi ya asilimia 13.5, na Iringa ikiifuata kwa asilimia 13.4, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Utafiti wa mwaka 2007 hadi 2008 uliiweka Iringa juu kabisa, asilimia 15.7. Barabara kuu iendayo Tunduma, mashamba makubwa ya chai, kazi za vibarua zinazotenganisha mume na mke, vyote vilichangia.

Katika nyumba nyingi ugonjwa ule haukutajwa kwa jina lake. Ilisemwa amerogwa. Neno hilo lilisitiri aibu ya marehemu, lakini lilihitaji mrogaji. Naye mara nyingi alipatikana karibu sana: mjane, ambaye yumkini mumewe ndiye aliyemletea maradhi. Shemeji waliotaka nyumba, shamba la mahindi au miti ya mbao hawakuhitaji kwenda mahakamani. Ilitosha kunong'ona kwamba mwanamke huyu amemuua ndugu yetu. Jina la mchawi likawa hati ya kumnyang'anya mirathi.

Madhara yake yamehesabiwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Kwa mwaka 2013 peke yake kilitaja watu 765, na kati yao 505 walikuwa wanawake. Upande wa pili wa imani hiyo hiyo ni wale wanaoua ili wapate viungo. Mbeya haijasahau mauaji ya kuchuna ngozi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ilitikiswa na mauaji ya watoto wapatao 10 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, ambayo viongozi wa Serikali waliyahusisha na imani za kishirikina. Na taifa zima linakumbuka mateso ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoifanya Serikali ipige marufuku kazi za wapiga ramli mwaka 2009, na tena mwaka 2015.

Tuseme kwa uadilifu: hakuna mtengenezaji wa filamu aliyeshika panga katika maafa hayo. Muuaji ni muuaji, na mwenye kumtuma ni mshirika wake. Lakini jamii ina hewa inayoivuta, na hadithi ni sehemu ya hewa hiyo. Filamu inayosema kwamba damu ya mtu huzaa fedha, hata kama mwishoni inamwadhibu mhusika, imekwisha kukubali mbele ya mtazamaji kwamba biashara ile hulipa. Ziko filamu nyingi ambamo tajiri wa kafara huangamia. Ni chache mno ambamo kafara haikuleta hata senti moja, kwa sababu ni uongo tangu mwanzo.

Kanzu ya mganga

Lipo jambo jingine ambalo familia za Kiislamu za mikoa hii zinalijua vyema. Hapa Waislamu ni wachache kuliko ndugu zetu Wakristo, tunaishi nao vizuri, tunazikana na kuozeshana. Lakini katika filamu nyingi za miaka ile na za sasa, mganga akiingia huja na kanzu na kofia, mkononi tasbihi, mbele yake chetezo cha ubani na karatasi zenye maandishi ya Kiarabu. Jini naye akitokea, mara nyingi hutokea na mtandio, na kwao huwa ni pwani. Mwokozi katika visa hivyo huja na suti na Biblia.

Mtoto wa Kiislamu anayesoma shule moja na watoto ambao hawajapata kuingia nyumba ya Mwislamu hukutana na matunda ya picha hizo. Huulizwa kama baba yake anafuga majini. Anachekwa akitaja madrasa. Walimu na majirani wema hulikemea jambo hilo, nasi tunawashukuru, lakini halikuanza shuleni. Limetoka kwenye skrini.

Ni haki yetu kulalamika. Lakini malalamiko yetu yatakuwa na uzito tukiyapima kwa mizani iliyo sawa. Kama tunachukia mtu kutuona wachawi kwa sababu ya kanzu aliyoiona kwenye filamu, basi na sisi tuchukie kumwona mchawi bibi wa watu kwa sababu ya macho mekundu, kuishi peke yake au kuwahi kufiwa. Kosa ni moja: kuichukua picha iliyotungwa na kuibandika kwenye uso wa mtu halisi. Tena tukiri kwamba picha ile ya kanzu haikutoka hewani. Wapo wanaotumia Qur'ani Tukufu kama kitambulisho cha biashara ya ramli, na wapo Waislamu wanaowapa wateja.

Mafundisho ya dini yetu hapa yako wazi. Uchawi ni miongoni mwa madhambi makubwa yanayoangamiza. Surat Al-Baqara, aya ya 102, inafundisha kwamba wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa siku arobaini. Surat Al-Hujurat inaagiza habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, kisha inakataza dhana mbaya na kuchunguzana. Na Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Kuamini kwamba uchawi upo hakumpi mtu ruhusa ya kumtaja mchawi. Baina ya mambo hayo mawili pana masafa marefu, na ni masafa hayo ndiyo filamu huyafuta.

Hadithi inaweza pia kuponya

Mtu asidhani kwamba dawa ni kuvunja televisheni. Hadithi ile ile inayoharibu inaweza kutengeneza, na mifano tunayo.

Mwaka 1951 ilitoka nchini India filamu ya Awara, ya Raj Kapoor. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, ameeleza jinsi filamu za Kihindi, na hiyo mojawapo, zilivyopendwa na kujadiliwa na watu wa miji yetu. Kisa chake kinahusu hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mkewe anatekwa nyara na kurejeshwa, maneno ya watu yanaanza, na hakimu yule, bila ya ushahidi, anamfukuza akiwa mjamzito. Mwanawe wa damu anakulia katika ufukara na kuwa mwizi, na siku moja anasimama mahakamani mbele ya dhuluma ya baba yake. Mtazamaji anaijua haki ya mke tangu mwanzo, na anateseka akiona uvumi ukishinda ukweli. Kamera ni ile ile, lakini safari hii imesimama upande wa mtuhumiwa. Mwislamu akikitazama kisa hicho hakosi kuikumbuka Surat An-Nur na kisa cha uzushi aliozuliwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ambapo waumini walilaumiwa kwa kuupokea uvumi kwa ndimi zao badala ya kudhaniana kheri.

Mfano wa pili ni Neria, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993. Neria anafiwa na mumewe, na shemeji yake Phineas anachukua nyumba, fedha na hata watoto, akidai kwamba ndiyo mila. Neria anatafuta haki yake kwa sheria na anaipata. Kwa mjane wa Makambako au Tukuyu, somo hilo lina thamani kuliko mahubiri mengi. Nasi Waislamu tuna la kuongeza: Surat An-Nisa, aya ya 12, imempa mjane fungu lake kwa hesabu, robo ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha, baada ya wasia na madeni. Fungu hilo si zawadi ya shemeji, na halifutwi kwa tuhuma za vikao vya ukoo.

Mfano wa tatu ni wa redio, na umepimwa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njia nzima, mtu ambaye wakazi wa Mbeya na Makambako wangemtambua mara moja. Hadi mwaka 1995 mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe. Walikuta kwamba sehemu zilizousikia zilibadilika zaidi katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI, na kwamba njia mojawapo ya mabadiliko hayo ilikuwa mazungumzo kati ya mume na mke baada ya kusikiliza. Tulizingatie jambo hilo. Hadithi hupanda mbegu, lakini mazungumzo ya nyumbani ndiyo yanayoimwagilia au kuing'oa.

Wajibu wetu nyumbani

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, nafasi yetu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana.

Kwanza, tutazame pamoja na watoto, angalau mara kadhaa kwa wiki, na filamu ikiisha tusiinuke mara moja. Tuwaulize maswali matatu. Nani ametuhumiwa? Ndani ya kisa kile, watu waliomtuhumu walikuwa na ushahidi gani, ukiondoa ule tulioonyeshwa sisi na kamera? Na kama kamera isingeingia chumbani, sisi tungehukumu vipi? Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyajibu, na akiyazoea hatayaacha.

Pili, alama za umri zisipuuzwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu, na Bodi ya Filamu huzipanga kwa umri. Lakini hakuna ofisa wa Bodi anayekaa sebuleni mwetu saa tatu usiku.

Tatu, mgonjwa apelekwe hospitali mapema, na ugonjwa uitwe kwa jina lake. Dawa za kufubaza virusi zinapatikana bila malipo katika vituo vya Serikali, na mtu anayezitumia vizuri huishi na kulea wanawe. Kila kifo kinachoelezwa kwa ukweli kinamwokoa mjane mmoja na kidole cha lawama. Dua na Qur'ani ni poza kwa muumini, na havigongani na daktari.

Nne, maimamu na walimu wa madrasa wa Mbeya na Iringa walifanye somo la mirathi na la uzushi kuwa la kila mwaka, na wawe wa mwanzo kumkana hadharani mpiga ramli anayejificha ndani ya kanzu. Tukimkana sisi wenyewe, jirani yetu asiye Mwislamu atakuwa na jambo la kuweka mahali pa picha aliyoiona kwenye filamu.

Tano, vijana wetu wenye vipaji wasiachiwe tu kutazama. Mikoa hii ina visa vya kutosha: mjane aliyesimama Mahakama ya Mwanzo akapata haki yake, kijiji kilichomlinda bibi kikongwe, mzazi wa mtoto mwenye ualbino aliyekesha mlangoni. Simu zinazotumika kutazama ndizo zinazoweza kurekodi.

Bibi anayeota moto wa kuni peke yake katika baridi ya Mufindi au Rungwe hana njia ya kuzuia filamu zinazomtaja kwa mfano. Hana gazeti wala kituo cha televisheni. Ulinzi wake ni majirani ambao watoto wao wamefundishwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Mtoto akimpitia asubuhi kumsabahi na kumwekea ndoo ya maji mlangoni, amemjua kwa macho yake mwenyewe, na aliyemjua mtu kwa macho yake si rahisi kudanganywa na picha.

Wabillahi tawfiq.